Repozitori ya chuo haionekani Google Scholar, na wahadhiri wanaleta PDF za wachapishaji: tuanze na lipi?

Mkutubi_Pekee

Habari za kazi wakuu. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu.

Chuo ni kidogo, kipo Tanzania bara, kinafundisha ualimu na afya. Maktaba ina mkutubi mmoja, msaidizi mmoja, na fundi wa TEHAMA tunayemgombania na ofisi ya uhasibu. Tuna DSpace 6.3 (programu ya repozitori, yaani hifadhi ya mtandaoni ya kazi za chuo) iliyowekwa na mradi ulioisha zamani. Ndani yake mna tasnifu kama 180. Nyingine 400 hivi zipo kabatini, nyingi za karatasi, chache kwenye CD.

Mambo yanayonisumbua ni haya. Kwanza, nikitafuta kichwa cha tasnifu yoyote Google Scholar sipati kitu. Na ukifungua rekodi, anwani inayoonyeshwa ni `http://localhost:8080/xmlui/handle/123456789/57`, ukiibofya haiendi popote. Pili, wahadhiri wananiletea makala zao, PDF zenye nembo ya mchapishaji, na kila mmoja anasema "mimi ndiye mwandishi, weka tu". Tatu, uongozi unataka jarida la chuo lenye DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni), na wanataka liwe hewani kabla ya ukaguzi ujao.

Bajeti ni kiduchu. Nianze na lipi?

---

seva_baridi

Mkuu, hiyo namba 123456789 ndiyo inayokuja na DSpace ikitoka kiwandani. Ukiiona, ujue aliyefunga mfumo aliruka hatua ya kujisajili Handle (huduma ya anwani za kudumu za rekodi). Hauko peke yako, repozitori nyingi za vyuo vya Afrika zinatembea na namba hiyohiyo mpaka leo.

Kuhusu `localhost`: kwenye DSpace 6 mfumo huunda anwani ya rekodi kutokana na `dspace.url` iliyopo kwenye faili la mipangilio, `local.cfg`, kisha huiandika ndani ya metadata (taarifa za rekodi), kwenye `dc.identifier.uri`, siku rekodi inapoingizwa. Ndiyo maana hata ukirekebisha `local.cfg` leo, zile 180 hazibadiliki. Zilishaandikwa.

Fuata mpangilio huu, usiupindue:

Kabla ya kugusa chochote, chukua nakala rudufu ya hifadhidata kwa `pg_dump`, na folda nzima ya `assetstore`. Ukichukua hifadhidata peke yake umebaki na orodha ya majina tu, kwa sababu PDF zenyewe zinakaa `assetstore`. Ukichukua `assetstore` peke yake una mafaili yenye majina ya tarakimu ndefu yasiyojulikana ni ya nani.

Amua kama mtalipia Handle. Ada ni dola 50 kusajili na dola 50 kila mwaka. Si fedha nyingi, ila ni malipo ya nje ya nchi kwa dola, kila mwaka, na yakisahaulika viungo vyote vinaning'inia. Kama uongozi hauwezi kuahidi hilo kwa maandishi, tumia anwani ya chuo chenyewe (`https://repozitori.chuochenu.ac.tz/handle/...`) na uilinde isibadilike. Anwani yenu inayofanya kazi ina faida kuliko Handle iliyokufa.

Mkiamua kulipia, mtapewa namba yenu inayoanza na 20.500. Endesha `dspace make-handle-config`, watumie faili la `sitebndl.zip`, kisha washa seva ya Handle. Hapa ndipo wengi hukwama: poti 2641 imefungwa na faiwoli ya chuo, seva inawaka vizuri kwa ndani lakini dunia haiioni. Mwambie fundi aifungue kutoka nje, halafu ajaribu kwa simu yenye data, asijaribu kwa mtandao wa chuo. Baada ya hapo `dspace update-handle-prefix 123456789 20.500.xxxxx`, kisha `dspace index-discovery -b`.

Sasa ndipo usafishe `localhost`. Toa metadata kwa `dspace metadata-export -f zote.csv`, fungua kwa LibreOffice ukichagua UTF-8, futa safu zote isipokuwa `id`, `collection` na `dc.identifier.uri`, badilisha kipande cha mwanzo cha anwani, kisha rudisha kwa `dspace metadata-import -f`. Mfumo utakuonyesha kila badiliko kabla ya kukubali. Usome kweli, usibonyeze tu ndiyo. Excel iepuke: ikikuta tarehe kama 2014-03 inaigeuza kuwa Mar-14, na ukiacha safu ya tarehe humo umeharibu rekodi zote kwa mkupuo mmoja.

Mwisho, mwambie fundi aelekeze anwani za zamani zenye 123456789 ziende kwenye mpya kupitia seva ya wavuti, Nginx au Apache. Kuna watu walishazinukuu kwenye tasnifu zao.

Hayo yakiisha nenda Google Scholar. Fungua rekodi moja kwenye kivinjari, angalia msimbo wa ukurasa, tafuta `citation_title`, `citation_author`, `citation_date` na `citation_pdf_url`. DSpace huziweka yenyewe. Kama `citation_pdf_url` inaonyesha `localhost`, umeshapata mchawi. Kama ziko sawa, kagua `robots.txt` isizuie njia za `/handle` na `/bitstream`. Kisha angalia ukubwa wa mafaili: Scholar haipokei PDF iliyozidi MB 5, na haisomi PDF ambayo ni picha tupu isiyo na maandishi.

Baada ya marekebisho vumilia. Rekodi mpya huingia ndani ya wiki kadhaa. Ila rekodi ambayo Scholar ilishaichukua vibaya inaweza kukaa miezi 6 hadi mwaka kabla ya kusahihishwa.

DSpace 6 iliachwa kuhudumiwa tangu Julai 2023, kwa hiyo kuhama ni lazima. Lakini safisha kwanza, hamisha baadaye. Toleo la 7 na kuendelea lina sehemu mbili, seva na uso wa Angular, na mashine yenye RAM ya GB 4 itakutoa jasho. Tafuta GB 8 kwenda juu. Pia hakikisha kurasa zinatengenezwa upande wa seva kabla ya kutumwa. Ukizima hilo ili kuokoa RAM, msomaji mwenye kivinjari ataona kila kitu, lakini roboti ya Scholar itakuta ukurasa mtupu. Pima kwa `curl` ya anwani ya rekodi: kichwa cha tasnifu kisipoonekana kwenye majibu, na Scholar haikioni.

---

Bi_Katalogi

Seva_baridi kamaliza ya mitambo. Mimi nitashika ya haki, maana hiyo "mimi ndiye mwandishi, weka tu" ndiyo itakayowaletea barua ya wakili.

Mhadhiri akichapisha kwenye jarida la kulipia, mara nyingi huwa amesaini fomu ya kuhamisha hakimiliki bila kuisoma. Tangu hapo PDF yenye nembo na namba za kurasa ni ya mchapishaji. Kinachobaki mkononi mwake, kwa masharti, ni mswada uliokubaliwa: ule wa mwisho, uliokwisha kupita kwa wahakiki na kurekebishwa, kabla mchapishaji hajaupanga. Ni faili la Word, halivutii macho, lakini maudhui ni yaleyale.

Utaratibu wa kila makala ni dakika chache. Chukua ISSN ya jarida (namba yake ya utambulisho), itafute kwenye Open Policy Finder ya Jisc (zamani Sherpa Romeo). Utaona matoleo matatu: la kabla ya uhakiki, mswada uliokubaliwa, na lililochapishwa. Kila moja na masharti yake, liwekwe wapi, baada ya miezi mingapi, kwa leseni gani. Sage na Emerald kwa kawaida huruhusu mswada uliokubaliwa uwekwe kwenye repozitori ya chuo bila kusubiri. Wengine wakubwa hudai miezi 12, 18 au 24. Angalia jarida kwa jarida, maana mchapishaji mmoja anaweza kuwa na sera tofauti kwa kila jarida.

Makala yenye leseni ya Creative Commons BY iweke kama ilivyo, PDF ya mchapishaji na yote, ila andika leseni hiyo kwenye `dc.rights` na kiungo cha DOI. Tahadhari moja: makala kuwa bure kusomwa AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika) hakumaanishi ina leseni huria. Majarida mengi mle hakimiliki imebaki kwa jarida. Waandikie wahariri barua pepe, eleza makala gani na mnataka kuiweka wapi, tunza jibu. Wengi hukubali.

Wahadhiri watakuambia mswada wameupoteza. Mwambie aingie kwenye mfumo aliotumia kuwasilisha (ScholarOne, Editorial Manager au OJS), mara nyingi faili la duru ya mwisho bado limo kwenye akaunti yake. Au aulize mwandishi mwenza aliyekuwa akishughulikia mawasiliano.

Tasnifu ni habari nyingine. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mwandishi ndiye mwenye kazi. Kukabidhi nakala tatu za jalada gumu maktaba si ruhusa ya kuiweka intaneti. Kwa wanaohitimu sasa tengeneza fomu ya ukurasa mmoja, iambatanishwe na fomu za kumaliza chuo ili bila hiyo cheti kisitoke. Fomu iseme mambo manne: mwandishi anabaki na hakimiliki, anakipa chuo ruhusa isiyo ya pekee ya kuhifadhi na kusambaza, anachagua leseni, na anachagua kama anataka izuiwe kwa muda (miezi 6, 12 au 24) kwa sababu anaandaa makala au kitabu. Msimamizi wake naye asaini, hasa upande wa afya.

Kwa wahitimu wa zamani, watafute kupitia ofisi ya usajili na makundi ya WhatsApp ya madarasa yao. Usiyempata, weka kichwa, jina, mwaka na maneno muhimu, bila matini kamili. Na ukurasa wa mbele wa repozitori uwe na barua pepe ya kuomba kuondolewa, inayosomwa na mtu.

Kitu ambacho hakizungumzwi vya kutosha ni viambatisho. Chambua kurasa za mwisho kabla ya kupakia. Utakuta kibali cha utafiti chenye namba ya simu ya afisa, fomu za ridhaa zilizosainiwa na wagonjwa, orodha ya waliohojiwa kwa majina na kijiji. Hizo ziondolewe kwenye nakala ya umma, pamoja na ukurasa wenye sahihi za wasimamizi, kwa sababu sahihi iliyoskaniwa vizuri ni mali kwa wezi. Kufunika kwa mstatili mweusi kwenye Word hakutoshi. Maandishi yako chini palepale, mtu ananakili na kubandika. Toa ukurasa wote.

---

RafuYaTatu

Kwa zile 400 za kabatini: usianze na ya kwanza kwenye rafu. Anza na zenye ruhusa, halafu zile ambazo wasomaji wanaziomba kaunta.

Skani kwa dpi 300. Kurasa za maandishi ziwe nyeusi na nyeupe tupu, rangi iwe kwa kurasa zenye picha au ramani tu. Tasnifu ya kurasa 150 ikiskaniwa yote kwa rangi inapita MB 100 kirahisi. Halafu pitisha OCRmyPDF, programu ya bure inayotambua maandishi yaliyo kwenye picha:

`ocrmypdf -l eng+swa --rotate-pages --deskew --optimize 3 ghafi.pdf safi.pdf`

`swa` ni data ya Kiswahili ya Tesseract (injini inayosoma maandishi hayo), inafungwa kama kifurushi cha peke yake (`tesseract-ocr-swa`). Ukiisahau, tasnifu ya Kiswahili itasomwa kwa macho ya Kiingereza na utafutaji utakosa maneno. Hakikisha pia `jbig2enc` imo kwenye mashine, ndiyo inayobana kurasa nyeusi na nyeupe. Bila hiyo ni vigumu kushuka chini ya MB 5. Ikikugomea kwamba ukurasa una maandishi tayari, ongeza `--skip-text`. Faili linalotoka ni PDF/A, linafaa kuhifadhiwa. Ghafi itunze kwenye diski ya nje, isipande kwenye seva.

Usiweke ukurasa wa nembo ya maktaba mbele ya jalada. Scholar ikitaka kuhakiki kichwa huangalia ukurasa wa kwanza wa PDF, ikikuta "Maktaba ya Chuo" kwa herufi kubwa inachanganyikiwa.

Kuingiza moja moja kwa fomu ni kujitesa. Jaza jedwali: jina la faili, kichwa, mwandishi, msimamizi, mwaka, shahada, idara, ikisiri, maneno muhimu, lugha, leseni. Mwandishi awe "Ukoo, Majina mengine", na kama ni wasimamizi wawili watenganishe kwa `||`. Majina matatu ya kwetu yanaleta fujo: Asha Juma Salum huyohuyo anaonekana kama "Salum, Asha", "Salum, A. J." na "Juma, Asha S.". Chagua kanuni moja, iandike, ibandike ukutani. `dc.date.issued` ni mwaka tasnifu ilipokubaliwa, si siku ulipoipakia.

Jedwali ukilipitisha SAFBuilder (programu ndogo inayoandaa mafaili kwa ajili ya DSpace) linatoka folda zilizo tayari, unaziingiza kwa `dspace import` ukianza na rekodi 5 za majaribio. Tunza faili la `mapfile`. Ukigundua umeingiza kwenye mkusanyiko usio wake, hilo ndilo linalokuwezesha kufuta zote kwa amri moja.

Halafu niseme jambo ambalo baadhi hawatalipenda. Kwa chuo chenye robo ya fundi, DSpace ni mzigo. Kama kuhama kwenda toleo jipya kunashindikana, fungueni jumuiya Zenodo. Iko chini ya CERN, ni bure, kila rekodi inabeba hadi GB 50 na inapewa DOI papo hapo.

---

seva_baridi

RafuYaTatu, nakubali nusu. Zenodo inafaa kwa makala, ripoti na data. Kwa tasnifu kuna vikwazo: mpangilio wa idara na vitivo hauna, huwezi kufungua faili kwa mtandao wa chuo peke yake, na kufuta rekodi iliyokwisha chapishwa si rahisi. Upande wa afya, kiambatisho kikiponyoka pale mtapata tabu kukirudisha. Kabla ya Zenodo, mkutubi aulize TERNET (mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti Tanzania) kama wanaweza kumhifadhia seva, na COTUL (umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania) kama kuna chuo jirani kinachoweza kuwabeba kwenye DSpace yake kama jumuiya ya pekee. Hilo la mwisho ndilo nafuu kuliko yote.

---

Mkutubi_Pekee

Ahsanteni sana, nimechapa ukurasa wote huu. Seva_baridi umegusa "kufungua kwa mtandao wa chuo peke yake". Tuna tasnifu kama 60 ambazo wenyewe wamekubali zisomwe ndani ya chuo tu. Inafanyikaje? Na la jarida hakuna aliyenijibu.

---

seva_baridi

Unaunda kundi, unaliwekea namba za IP za chuo kwenye `authentication-ip.cfg`, kisha unalipatia kundi hilo ruhusa ya kusoma faili, na kuondoa ruhusa ya Anonymous (yaani mgeni yeyote). Iondoe kwenye faili lenyewe. Kuandika "imezuiwa" kwenye metadata hakufungi kitu.

Mtego wake: kama mbele ya Tomcat (seva inayoendesha DSpace) kuna Nginx, DSpace inaweza kuona kila mgeni kana kwamba anatoka IP ya Nginx. Nginx ikiwa ndani ya chuo, dunia nzima inahesabiwa kuwa wako maktabani kwako. Weka `X-Forwarded-For` kwenye Nginx na `useProxies = true` kwenye DSpace, kisha jaribu kufungua PDF kwa data ya simu. Jaribu pia kiungo cha moja kwa moja cha PDF, usiishie kwenye ukurasa wa rekodi.

---

mhariri_mwambao

La jarida nalichukua mimi.

DOI ndiyo rahisi kuliko yote, ndiyo maana uongozi unaitaka kwanza. Tanzania imo kwenye mpango wa GEM wa Crossref (shirika linalosajili DOI) ulioanza Januari 2023: hakuna ada ya uanachama wala ya kusajili DOI. Unajaza fomu, unapewa namba inayoanza na 10., unaiingiza kwenye OJS (programu ya kuendeshea jarida). Kosa la kawaida ni OJS kuonyesha DOI kwenye makala kabla haijapelekwa Crossref. Msomaji anabofya anaambiwa haipo. Angalia hali ya kila DOI kwenye OJS, isomeke kwamba imesajiliwa. Na siku mkihamisha jarida kwenye anwani nyingine, lazima mpeleke anwani mpya Crossref, DOI haijihamishi yenyewe.

Ugumu ni makala. DOAJ (orodha ya kimataifa ya majarida huria) hawatapokea jarida linalotoa chini ya makala 5 za utafiti kwa mwaka, na jarida changa lenye umri chini ya mwaka mmoja liwe na angalau makala 10. Wanataka pia ISSN iliyothibitishwa, leseni iandikwe wazi, bodi ya wahariri yenye majina na taasisi, na ada ielezwe hata kama ni sifuri. Maombi DOAJ ni bure. Ukiona barua inayodai fedha kwa jina lao, tupa. ISSN ombeni Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na mkumbuke toleo la mtandaoni lina namba yake, tofauti na la karatasi.

OJS yenyewe: folda ya `files_dir` iwe nje ya folda ya wavuti. Ikiwa ndani, mtu atajisajili kama mwandishi, apakie faili la hila badala ya makala, alifungue kwa kivinjari, na wiki ijayo jarida lenu linatangaza kamari. Washa uthibitisho wa barua pepe na reCAPTCHA, la sivyo utajaa watumiaji bandia. Weka `cron` ya kazi za ratiba, bila hiyo wahakiki hawakumbushwi. Jarida likishapata ISSN na toleo la kwanza likitoka, washa programu-jalizi ya PKP Preservation Network, inahifadhi nakala bure.

Mweleze mkuu wa chuo hivi: mkiwa na makala 10 zilizohakikiwa mkononi, jarida linasimama ndani ya wiki chache. Mkiwa na makala 2 na DOI, mna tovuti.

---

Mkutubi_Pekee

Zilizopo ni 3, na moja ni ya mkuu mwenyewe.

---

mhariri_mwambao

Basi hiyo ipeleke kwa mhakiki wa nje ya chuo, asiyemjua mwandishi, na barua za uhakiki zitunzwe. DOAJ wanaangalia pia ni makala ngapi zimeandikwa na wahariri wenyewe. Jarida likae hadi mpate za kutosha. Kwa ukaguzi ujao onyesheni repozitori iliyosafishwa.